Mbono, nazi au mafuta ya hoteli: kujitengenezea dizeli Malindi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkulima wa Mambrui. Nina pampu mbili za dizeli kando ya mto Sabaki na trekta ninayokodisha. Familia yetu ina ekari kumi kule Marafa, zimekaa tu. Kuna bwana amekuja kutushawishi tupande mbono, anasema mafuta yake yanaendesha injini na mbegu atatuuzia yeye. Shemeji yangu ni mpishi katika hoteli moja Watamu, naye aniambia kila wiki wanatupa mafuta ya kukaangia. Mama naye ana minazi yake. Je, mtu wa kawaida anaweza kujitengenezea dizeli? Na kama inawezekana, mbona nchi kama yetu haijafanya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kutengeneza unaweza. Mbono usipande, na minazi ya mama iache ilivyo. Yanayobaki ni mafuta ya shemeji yako, nayo yana hesabu zake.

Nianze na bwana wa mbegu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haraka. Mbono anaousema nadhani ni mbono kaburi, ule unaopandwa mipakani na kwenye nyua za mifugo kwa sababu mbuzi hawaugusi. Asili yake ni Amerika ya Kati. Ulivuma sana kati ya 2006 na 2009, bei ya mafuta ghafi ilipokuwa ikipanda hadi kugusa dola 147 kwa pipa Julai 2008. Ikasemwa unamea hata penye mawe, hautaki maji wala mbolea, na kila hekta itatoa tani za mbegu. Kwamba unavumilia ukame ni kweli. Lakini mti kuvumilia ukame na mti kuzaa ni mambo mawili. Mnamo 2009 watafiti, wakiwemo wa KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya) na wa Kituo cha Kilimo Mseto cha Dunia, walizunguka kwenye mashamba ya wakulima wadogo wa hapa Kenya, wakakuta mavuno hafifu mno na hasara tupu. Ushauri wao ulikuwa kwamba mkulima asiupande ila kama ua wa boma. Sijaona jambo tangu hapo la kunifanya nikushauri vingine.

Chukua ekari zako kumi, yaani hekta nne. Tuseme kwa mvua za Marafa, bila mbolea, unapata nusu tani ya mbegu kwa hekta. Hiyo ni tani mbili. Mbegu ina mafuta kama asilimia 30 hadi 35, lakini kinu kidogo cha kukamulia hakiyatoi yote; ukipata robo ya uzito ushukuru. Una kilo 500, kama lita 540 za mafuta ghafi kwa mwaka mzima. Ni wastani wa lita moja na nusu kwa siku kutoka shamba la ekari kumi, na hapo hujamlipa mchumaji. Matunda ya mbono hayaivi pamoja: kishada kimoja kina ya kijani, ya manjano na makavu, kwa hiyo mtu hurudi mti ule ule mara nyingi. Mashudu yake nayo yana sumu, huwezi kuwalisha ng'ombe. Muulize huyo bwana swali moja tu: mbegu tutakazovuna atazinunua nani, kwa bei gani, na kwa mkataba upi? Ikiwa biashara yake ni kuuza mbegu za kupanda, basi ameshapata faida yake siku mliyomlipa.

Wewe ni mtu wa huko, kwa hiyo sakata la msitu wa Dakatcha hukulisikia redioni tu. Kampuni ya Kiitaliano ilitaka hekta 50,000 katika msitu ule na maeneo yanayouzunguka ipande mbono. Wenyeji waligawanyika, wengine kwa kutaka ajira, wengine kwa kuogopea mashamba na maziara yao. Ripoti iliyotolewa 2011 na mashirika yakiwemo ActionAid na Nature Kenya ilionyesha kwamba ukijumlisha msitu utakaofyekwa, mafuta yale yangetoa hewa chafu mara mbili na nusu hadi mara sita kuliko mafuta ya kuchimbwa ardhini yaliyokusudiwa kubadilishwa. Mradi haukuendelea. Afadhali, maana kwerea wa Clarke, ndege ambaye hapatikani popote duniani nje ya kaunti yetu ya Kilifi, anategemea Dakatcha na Arabuko-Sokoke tu. Majirani zetu wa Kisarawe, Tanzania, hawakubahatika hivyo: zaidi ya hekta 8,000 zilichukuliwa, na kufikia 2011 mwekezaji alishakwama, ardhi haiko mikononi mwa wanakijiji na ajira nazo zimekwisha.

Hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho linapoanzia. Ufundi wenyewe si siri wala si mpya. Katika maonyesho ya Paris ya 1900 palikuwa na injini ya mtindo wa Rudolf Diesel ikiendeshwa kwa mafuta ya njugu. Nchi zinazoendelea zilizofaulu zipo: Indonesia mwaka 2025 ilianza kutaka dizeli yake iwe na asilimia 40 ya biodizeli (dizeli itokanayo na mafuta ya mimea) ya mawese, Brazil inatumia soya, Ufilipino imekuwa ikichanganya biodizeli ya nazi tangu 2007 na kufikia Oktoba 2024 ikapandisha kiwango hadi asilimia 3. Zitazame vizuri hizo nchi tatu. Zote zilikuwa na mafuta ya mimea ya kumwaga, tena zinauza nje, kabla ya mtu yeyote kutunga sheria ya biodizeli. Kenya inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka ng'ambo, mawese ya Malaysia na Indonesia hasa. Nchi inayonunua mafuta ya kupikia kwa dola haiwezi kuyachoma kwenye lori na kuita hiyo akiba. Kinachotukwamisha ni mafuta ya kuanzia, na hata waziri akijenga kiwanda cha kisasa kesho, bado ataulizwa atakamua nini.

Na hii ndiyo sababu nakwambia uache minazi ya mama. Mafuta ya nazi yanatengeneza biodizeli nzuri sana, pengine bora kuliko zote kwa joto letu la pwani. Lakini lita moja inataka nazi kumi hivi. Hata nazi ikiwa shilingi 20, umeshafika 200 kabla hujakuna ya kwanza. Mama akiuza nazi zake sokoni, au akimpa mgema akagema, atapata pesa ya kununulia dizeli na chenji ibaki. Ufuta ni vivyo hivyo, ghali zaidi hata.

Atakuja mwingine pia na habari za mbarika, mmea wa mafuta ya nyonyo. Kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kinu cha kukamua mbegu Makueni mwaka 2022, na mafuta yalianza kusafirishwa mwaka huo huo kwenda kiwanda chao cha Gela, Sicily. Ukiwa na mnunuzi wa aina hiyo karibu na bei imeandikwa, mbarika ni zao la kufikiria kama mazao mengine. Kwa dizeli ya kujitengenezea pipani nyumbani haifai. Mafuta yake ni mazito kupita kiasi, na biodizeli yake hubaki nzito kuliko kiwango kinachokubalika, itakusumbua pampu ya injini. Kule Gela wana mitambo inayotumia hidrojeni, kitu tofauti kabisa na ninachotaka kukueleza hapa.

Sasa tuje kwa shemeji. Anaposema mafuta "yanatupwa", muulize yanatupwa wapi. Katika mji wa kitalii mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yana mwenyewe. Kuna wanaoyanunua kwa mlango wa nyuma wakaenda kukaangia viazi karai na bajia barabarani, jambo ambalo mimi binafsi ningefurahi ulikomeshe kwa kuwapiku bei. Na kuna wakusanyaji wanaoyapeleka Ulaya, kwa sababu sheria za Umoja wa Ulaya huyahesabu mafuta hayo mara mbili kwenye malengo ya nishati jadidifu, kwa hiyo kule yana thamani kubwa. Uchafu wa jikoni la Watamu leo una soko la dunia. Usije ukajenga mpango wako juu ya mafuta ya bure.

Hesabu yenyewe iende hivi. Tarakimu ni za mfano, weka za kwako. Tuseme umenunua kwa shilingi 60 kwa lita. Ukishachuja mabaki ya samaki na kuondoa maji umepoteza sehemu moja katika kumi, kwa hiyo lita safi imekugharimu 67. Kuigeuza kila lita kunataka methanoli, alkoholi yenye sumu, moja ya tano ya lita. Ikiwa methanoli ni 250, hiyo ni 50. Kostiki soda 5, kuni au umeme 10, usafiri na kijana wa kukusaidia 20. Jumla 152. Lakini lita ya biodizeli ina nguvu pungufu ya ile ya dizeli kwa takriban asilimia 8, kwa hiyo linganisha kama kwamba umenunua dizeli kwa 165. Sasa tazama bei ambazo EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza kila tarehe 14. Mwishoni mwa 2023 dizeli ilipita shilingi 200 kwa lita; baadaye, kwa bei za Nairobi, ikashuka chini ya 170. Katika mwezi wa 200 wewe ni tajiri, katika mwezi wa 168 umefanya kazi ya kujifurahisha. Na hoteli ikikupandishia mafuta kutoka 60 hadi 90, jumla yako inafika 185 kabla hata ya kufidia zile nguvu pungufu, na pipa lako ni bora ulilaze. Bei ya kununulia mafuta machafu ndiyo inayoamua yote. Kwa hiyo kabla ya kununua chuma chochote, pata makubaliano ya maandishi na hoteli, ya bei na ya mwaka mzima.

Habari njema ni kwamba huhitaji mafuta mengi. Pampu mbili za lita moja kwa saa, saa tano kwa siku, ni lita 10 kwa siku, 300 kwa mwezi. Hoteli mbili za kiasi zinaweza kukutosha. Halafu misimu yenu imekubaliana vizuri: Desemba hadi Machi wageni wamejaa, vikaangio havipoi, na ndio wakati wa kiangazi unapomwagilia. Aprili hadi Juni hoteli nyingi hufunga, mvua ya masika inanyesha, pampu zako zimelala. Usijaribu kulimbikiza ya mwaka. Biodizeli hunyonya unyevu kuliko dizeli, na hewa yetu ya pwani unaijua. Miezi michache tu nayo huanza kuchacha na kuota utando.

Kazi yenyewe nitakueleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu wengi huharibu palepale mwanzoni. Mafuta yakifika, yachuje kwa kitambaa, kisha yapashe moto na uyaache yatulie usiku kucha ili maji yashuke. Kuyapima, mimina kidogo kwenye kikaango cha moto: yakitatarika, bado yana maji. Usiendelee, utapata sabuni.

Kipimo cha pili ni cha uchachu. Mafuta yaliyokaangiwa sana huvunjika na kutoa asidi, na asidi hiyo hula kostiki yako. Tengeneza maji ya kostiki ya gramu 1 kwa lita moja ya maji safi yasiyo na chumvi. Chukua mililita 1 ya mafuta, uiyeyushe katika mililita 10 za alkoholi ya isopropili isiyo na maji, utie tone la bizari ya manjano iliyolowekwa kwenye alkoholi hiyo hiyo. Sasa dondosha yale maji ya kostiki kwa bomba la sindano, polepole, huku unatikisa. Itabaki ya manjano, manjano, halafu ghafla itageuka nyekundu ya damu ya mzee. Ikishika kwa nusu dakika, simama. Soma umetumia mililita ngapi. Ikiwa 2, utatia gramu 3.5 za kostiki ambazo hata mafuta mapya huzihitaji, ongeza 2, yaani gramu 5.5 kwa kila lita. Zikiwa 1 hadi 3 mafuta ni mazuri. Zikipita 5, yarudishe yalikotoka, au uyachanganye kidogo kidogo na mazuri. Kila mtungi upime peke yake. Hoteli ileile wiki hii inakaanga chipsi, wiki ijayo kamba na pweza, na mafuta hayafanani.

Kwa lita 100 basi, kostiki gramu 550 huyeyushwa katika lita 20 za methanoli, kwenye chombo cha plastiki kigumu chenye kifuniko. Sufuria za alumini ziweke mbali kabisa: kostiki inazila na kutoa gesi inayolipuka. Pasha mafuta hadi nyuzijoto 55, usipite 60 kwa kuwa methanoli huchemka karibu na 65. Zima moto, tena uwe mbali nao kabisa, ndipo umimine na kuzungusha kwa pampu kwa saa moja au zaidi katika pipa la chuma lililofungwa. Liache hadi asubuhi. Chini kutatuama gliserini nyeusi, juu biodizeli ya rangi ya chai ya rangi. Toa gliserini kwa bomba la chini, osha iliyobaki kwa maji kidogo kidogo bila kuitikisa kwa nguvu mwanzoni, kisha ikaushe. Kabla ya kuiamini, weka mililita 27 za methanoli kwenye chupa, tia 3 za biodizeli yako, tikisa. Ikiyeyuka yote, vizuri. Ukiona matone yametuama chini, hayo ni mafuta ambayo hayajageuka, rudia kazi.

Nisikilize kuhusu methanoli. Haina tofauti ya kuona na pombe kali, na hata harufu yake yaweza kumdanganya mlevi. Kiasi kidogo hupofusha, kikizidi huua. Unakumbuka Mei 2014, makumi ya watu walikufa kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Ukiiweka uani bila kufuli, mtu ataionja, na mtu huyo huenda akawa kijana wako wa kazi. Moto wake mchana hauonekani, utajikuta unaungua bila kuona mwale. Hupenya pia kwenye ngozi. Fanyia kazi nje, upande unaotoka upepo, glovu na miwani, watoto wasikaribie. Kama hapo pako hapana chumba cha kufunga, acha mpango huu wote. Nasema hivyo bila mzaha.

Maji ya kuoshea na gliserini visimwagwe chini. Mambrui mnachota visima, na mwamba wa matumbawe haushiki kitu, kinachomwagwa leo uani kesho kiko kwenye ndoo. Gliserini yaweza kuwa sabuni ya kufulia, lakini kwanza iondolewe methanoli yote iliyobaki ndani.

Kwenye injini, anza na sehemu moja ya biodizeli kwa nne za dizeli. Kwa pampu zako hiyo ni lita 60 tu kwa mwezi, kazi ya mkupuo mmoja. Biodizeli husafisha tangi na kuleta uchafu wote wa miaka kwenye filta, kwa hiyo nunua filta mbili za akiba na utarajie ya kwanza kuziba. Mipira ya zamani ya kupitishia mafuta hulainika na kuvuja. Iangalie kila wiki. Mabomba na matangi ya shaba au ya bati la zinki yabadilishe. Trekta iache kwanza. Ikiwa ni ya zamani, yenye pampu ya kawaida, itakuja kukubali; ikiwa ni mpya, yenye sindano za elektroniki, usiijaribu hata kidogo kwa mafuta ya pipani. Bodaboda na mashine nyingi za mashua zetu zinatumia petroli, hazihusiki kabisa, uwaambie mapema vijana watakaokuja kuomba.

Siku utakapotaka kumuuzia jirani, mambo yanageuka. Hapo umeingia kwa EPRA kwa leseni na kwa KEBS, shirika la viwango, kwa ubora, na kusafirisha mafuta machafu kutoka hotelini ni jambo la NEMA, mamlaka ya mazingira. Ningekushauri upige hodi EPRA sasa hivi, ukiwa bado na karatasi tu mkononi, uwaeleze ni kwa pampu zako mwenyewe na upate jibu lao kwa maandishi.

Wiki hii fanya hili moja: mwombe shemeji akuletee lita tano kutoka kwenye kikaango cha kawaida, na tano nyingine kutoka kile cha samaki. Zipime kwa bizari kama nilivyokueleza, kisha uniandikie mililita ulizopata, na bei ambayo meneja ameitaja.